Chumvi Iliyolazwa juu ya Saruji

Kisiwa cha Sodan
Juni 6, 1974, siku ya Kupanda Nafaka

Kwa Seung-mo, mwana wa marehemu kaka yangu na kichwa cha ukoo wetu.

Salamu zangu zikukute ukiwa mzima hapo Daejeon, wewe pamoja na mkeo na binti yenu. Huku shayiri imekwisha kuvunwa, miche ya mpunga imesimama majini, na Mbingu zimetujalia jua la mfululizo, hata tunakanyaga gurudumu la kupandishia maji ya bahari tangu alfajiri. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Jirani yetu Deok-su anakusalimu, na anasema umesoma hata umesahau harufu ya matope.

Nakuandikia kwa jambo la chumvi. Mwaka juzi serikali iligawa saruji katika kila kijiji. Wenzangu walijenga kuta. Mimi nikasakafia ghala. Ghala la zamani, utalikumbuka, lilikuwa na sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, tena yenye nyufa, nami kwa miaka mingi nilidhani zile nyufa ni umaskini. Basi nikaziondoa mbao, nikamwaga saruji, nikaziba na madirisha ili unyevu usiingie. Chumvi niliyoilaza humo ilale miaka mitatu, kama baba zetu walivyofanya, hadi maji yake machungu yatoke, imebaki chungu kama siku niliyoikomba shambani. Mnunuzi wa Mokpo alikuja, akatia punje ulimini, akatema. Akaniuliza, “Mzee, hii chumvi au dawa ya minyoo?” Wewe ndiye uliyesomea vitu vinavyoshikana na vinavyoachana. Niambie kosa liko wapi.

Kuna jambo la pili. Mama yako mdogo hajisikii vizuri tangu majira ya baridi. Chakula hakikai tumboni. Ameniamuru niandike, nami naandika kama alivyonena: anataka uje, uketi naye, na umwite mara moja kwa lile jina ulilomwita kabla hujatimiza miaka saba.

Hilo la jina haliwezekani, nawe wajua kwa nini. Siku nilipokukabidhi kwa kaka yangu, mbele ya vibao vya majina ya mababu, kwa kuwa yeye ndiye shina na hakuwa na mwana, ukawa mwanawe na mwana wa mkewe. Mimi nikawa baba yako mdogo, naye akawa mama yako mdogo, na kitabu cha ukoo kimeandika hivyo. Lakini kuja, njoo.

Baba yako mdogo,
Wi Jong-ryeol


Daejeon
Julai 1, 1974

Kwa Baba mdogo.

Shikamoo. Barua yako ilifika siku nyingi, nikachelewa kuijibu kwa sababu ya mitihani. Mke wangu na mtoto hawajambo. Nyumba kuu ya ukoo huko Naju ilivuja paa mwezi uliopita. Nimeiezua upande mmoja na kuiezeka upya, ili ibada ya kumkumbuka Baba mwezi wa kumi isituaibishe.

Kuhusu chumvi. Nitakueleza kama ninavyowaeleza vijana wangu, maana wiki iliyopita tulikuwa katika somo hilo hilo.

Kila kitu kimeumbwa kwa atomu, na kila atomu ina kiini katikati, na nje yake zinazunguka elektroni, kwa matabaka. Sodiamu ina elektroni kumi na moja. Kumi zimetulia katika matabaka ya ndani. Moja iko peke yake nje. Klorini ina kumi na saba, na tabaka lake la nje lina nafasi moja tupu. Zikikutana, sodiamu huiachia klorini ile elektroni yake moja. Tangu hapo hakuna tena atomu pale. Aliyetoa amebaki na chaji chanya, aliyepokea ana chaji hasi, na jina lao ni ioni. Chaji zilizo kinyume huvutana. Mvutano huo ndio unaoshikilia chumvi yote. Sodiamu peke yake ni metali inayolipuka ikiguswa na maji. Klorini peke yake ni hewa inayoua. Kwa pamoja tunazila kila siku na kabichi.

Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, “Mwalimu, basi sodiamu kapunjwa!” Mwenzake akamrukia, “Kapunjwa nini, zuzu wewe? Katua mzigo!” Darasa likaangua kicheko. Wa tatu akauliza kama ile elektroni inajua ilikotoka. Nikamjibu kwamba elektroni zote zinafanana. Hazina alama wala kumbukumbu. Hakuna kipimo duniani kitakachoonyesha hii ilizaliwa kwa nani.

Uchungu wa chumvi yako unatokana na magnesiamu, ambayo hutoa elektroni mbili na kushikamana na klorini mbili. Chumvi hiyo ya magnesiamu ina kiu kupita kiasi: huvuta unyevu wa hewani hadi ikayeyuka yenyewe, ikachuruzika, ikaiacha chumvi njema nyuma. Ndiyo maana baba zenu waliilaza miaka mitatu juu ya mbao zenye nyufa. Wewe umeizibia hewa juu na njia chini. Uchungu hauna pa kwenda, umelala palepale. Inua sakafu, fungua madirisha.

Kuja majira haya sitaweza. Mvua ni nyingi, mashua si za kutegemewa, na baada ya hapo kuna ibada ya Baba. Nikimaliza ibada nitafikiria. Msalimie Mama mdogo.

Seung-mo


Kisiwa cha Sodan
Septemba 8, 1974, siku ya Umande Mweupe

Kwa Seung-mo, mwana wa kaka yangu.

Salamu za majira mapya. Mvua ziliharibu nusu ya msimu. Mara tatu tulikimbiza maji ya chumvi kwenye mashimo yenye paa, na mara moja tulishindwa mbio. Mtama umekomaa. Mke wa Deok-su amejifungua mtoto wa sita, naye Deok-su anatembea kijijini kama mtu aliyeteka ngawira.

Nilichelewa kukujibu, nami sitakutafutia sababu.

Nilifanya ulivyosema. Tuliweka mbao juu ya saruji, tukaacha nafasi chini, tukabomoa vizibo vya madirisha. Deok-su alikuwa akinicheka muda wote. “Kaka mkubwa, umeletewa saruji ya bure, ukaitandaza, sasa unaificha chini ya mbao kama mwizi. Si ungeniuliza mimi?” Nikamwambia, “Wewe ungejua?” Akasema, “Nisingejua. Lakini ningekuuliza baba yako alizitoboa zile mbao kwa nini.” Hadi leo nalitafakari neno hilo. Baada ya wiki tatu matone ya kwanza yalianza kuanguka chini ya mbao. Nilitega beseni.

Sasa nakuuliza kwa sababu nimesomeshwa katika vitabu vya ibada, si katika vitabu vyako. Unasimulia habari za anayetoa kana kwamba alipoteza kamarini. Vitabu vyetu vinasema tawi likikauka, mti bado ni mti. Shina likikauka, hakuna mti. Kaka yangu alikuwa shina. Mimi nilikuwa na mwana mmoja, na niliambiwa, nami nikaamini, kwamba Mbingu zitanipa mwingine. Hazikunipa. Hilo si kosa la ibada. Na niambie pia: chumvi ikiyeyuka majini, je, hurudishiana? Maana kaka yangu amekwisha kufa.

Mama yako mdogo amelala. Nilimpeleka Mokpo kwa daktari. Daktari alizungumza nami nje ya mlango. Alichosema ni changu. Amekonda, lakini ulimi wake haujakonda. Nilimsomea barua yako yote, akasikiliza huku macho ameyafumba. Nilipofika pale penye elektroni isiyo na kumbukumbu, alisema, “Rudia hapo.” Nikarudia. Akasema, “Huyo mtoto ana hasira. Mwenye kusahau hawi na hasira. Kaandika hivyo ili mimi nisikie.”

Nikamwambia, “Kaniandikia mimi.”

“Wewe? Wewe kakuandikia habari za sakafu.”

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu tuoane. Kisiwani hapa kila mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mke wa Deok-su ni Mama Pil-sun. Yeye waliacha kumwita Mama Seung-mo wiki ile ile nilipokupeleka Naju, wakaanza kumwita kwa jina la mji alikozaliwa, Bi Beolgyo, kama mgeni aliyeshuka jana mashuani. “Miaka ishirini na minne naitwa mji,” alisema. “Nataka kuitwa mtu mara moja.”

Nimefikiri sana. Kulihalalisha neno hilo siwezi. Nikifanya hivyo nimemnyang’anya kaka yangu mwana akiwa kaburini, ambako hawezi kujitetea. Lakini mimi ni mzee, na kazi ya shambani ni nyingi. Siku utakayofika nitakuwa kwenye ghala la chumvi tangu asubuhi hadi jua lizame. Yatakayosemwa ndani ya nyumba, mimi sitayasikia.

Usingoje ibada. Njoo sasa.

Baba yako mdogo,
Wi Jong-ryeol


Daejeon
Septemba 21, 1974

Kwa Baba mdogo.

Shikamoo. Mke wangu anasalimu. Binti yetu ameanza kusimama kwa kushika meza. Hongera kwa Deok-su.

Nitaanza na swali lako. Hapana, hawarudishiani. Maji huzitenganisha ioni na kuziingia katikati, lakini kila moja inaondoka na chaji yake. Klorini inaogelea na kilichokuwa cha sodiamu, na sodiamu inaogelea na pengo lake. Kifo cha Baba hakikubadili lolote kati yenu.

Kurudishiwa kunawezekana, ila kwa njia moja. Huichukui chumvi na maji. Unaichukua kavu, unaiyeyusha kwa moto mkali hadi itiririke, kisha unapitisha umeme ndani yake. Hapo klorini hulazimika kuachia, na sodiamu hupokea. Sodiamu iliyorudishiwa inang’aa kama fedha, lakini lazima ihifadhiwe ndani ya mafuta, kwa sababu tone moja tu la maji laweza kuiwasha.

Nawe unanipa ghala, Baba mdogo. Unanipa mlango wa nyuma.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitoroka Naju, nikavuka katika mashua ya nguruwe, nikafika nikinuka kuliko nguruwe wenyewe. Alikuwa uani, anakoroga maziwa ya soya sufuriani, kibuyu cha maji machungu mkononi, tayari kuyagandisha yawe tofu. Nikaita “Mama!” tangu langoni. Kibuyu kikamponyoka. Alisema, “Jamani, mwanangu! Kakuleta nani? Mbona miguu imevimba hivi?” Wewe ukatoka ghalani.

“Unamwita nani?”

“Mama.”

“Mama yako yuko Naju. Huyu ni nani?”

Nikatazama sufuria. Ukasema, “Una njaa?” Nikasema ndiyo. “Basi sema huyu ni nani, ule.” Yeye akakuambia, “Mwache ale kwanza, Baba Seung-mo, ataanguka!” Ukasema, “Aseme.”

Nikasema. Nikasema “Mama mdogo,” nikapewa tofu ya moto na mchuzi, nikala sahani mbili mbele yake. Jioni ukanirudisha kwa mashua ile ile. Wewe sikulaumu sana kama unavyodhani. Nalilaumu tumbo langu. Yeye alisimama akinitazama nikila, nami nikaongeza.

Sasa unataka niingie nyumbani kwako nikiangalia nyuma, nilitamke jina hilo kama mtu anayeiba kuku, wakati wewe umesimama ghalani ukijifanya kiziwi. Ulinifundisha kulikana kwa sauti, mchana, majirani wakisikia. Lirudishe hivyo hivyo. Niandikie mstari mmoja kwa mkono wako: “Nakuruhusu umwite Mama.” Siku nitakayoupokea nitapanda gari la moshi jioni yake, ibada au si ibada. La sivyo, nitakuja baada ya ibada, kama mwana wa kaka yako, nitamsalimia kama nilivyofundishwa.

Mwambie namsalimu. Usimwambie mengine.

Seung-mo


Kisiwa cha Sodan
Oktoba 26, 1974, baada ya Kushuka kwa Jalidi

Kwa Seung-mo.

Natumaini ibada ya kaka yangu ilikwenda kama ipasavyo, na kwamba paa halikuvuja.

Mama yako mdogo, mke wangu, alifariki tarehe kumi na saba ya mwezi huu, kabla ya mapambazuko. Tumemzika katika mteremko ulio nyuma ya mashamba ya chumvi, mahali palipo pakavu. Watu walikuja wengi. Fimbo ya mfiwa mkuu niliishika mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na mwana.

Utauliza kwa nini hukuletewa simu ya maandishi. Karani wa posta alikuja nyumbani, kalamu sikioni, akasema, “Mzee, nipe maneno niyapeleke, Daejeon yatafika leo leo.” Nikamwambia angoje. Unajua kanuni kama niijuavyo mimi: aliyepokea habari ya msiba wa jamaa wa karibu haruhusiwi kusimamisha ibada ya mababu, kwa sababu amebeba kifo mwilini. Ibada ya kaka yangu ilikuwa imebaki wiki moja. Ingevunjika, na hakuna mwana mwingine wa kuisimamisha. Asiyejua hajabeba. Nikaamua usijue. Karani aliniangalia, akaiondoa kalamu sikioni, akaitia mfukoni, akaenda zake bila kuniaga.

Kuhusu ule mstari ulioutaka. Sikukataa. Nilikaa nao. Kila jioni nilisaga wino, na kila jioni nilimwona kaka yangu ameketi ng’ambo ya meza akiwa na uso ule aliokuwa nao siku nilipomkabidhi mtoto: mtu mzima analia kwa shukrani. Nilisema nitaandika msimu wa chumvi ukifungwa. Nilidhani kuna wakati. Daktari alisema hadi majira ya theluji.

Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza. “Seung-mo kaja?”

“Anakuja baada ya ibada.”

“Ibada ya nani?”

“Ya kaka.”

“Wafu wana subira kuliko mimi,” akasema. “Wewe mwambie kaka yako angoje. Mimi nimemngojea vya kutosha.” Na usiku mwingine akanicheka, akiwa na mdomo mkavu: “Wewe na vitabu vyako. Huko niendako nikimkuta kaka yako nitamwambia anirudishie. Yeye hatakataa. Yeye alikuwa na huruma. Wewe ndiye ulikuwa na adabu.”

Maji machungu yamejaa beseni mbili. Chumvi imeanza kuwa tamu.

Wi Jong-ryeol


Daejeon
Novemba 9, 1974

Nimepokea barua yako.

Siku ile ya ibada niliamka mapema, nikaoga, nikavaa nguo nyeupe. Nilipanga matunda, samaki, na tofu ya kukaangwa, nikamimina pombe, nikasujudu. Nilimwomba Baba amlinde Mama mdogo wa kisiwani, anaumwa. Mke wangu alisema moshi wa ubani umepanda vizuri mwaka huu. Hivyo ndivyo ulivyoiokoa ibada yako.

Na mimi nina langu. Mstari ule wa daktari aliyezungumza nje ya mlango niliuona. Niliupita haraka, kwa sababu kama ningeusoma ningelazimika kuja bila ruhusa yako, na nilitaka kukushinda. Sisi wawili tulimweka katikati, kila mmoja akivuta.

Nilikuja kisiwani Jumapili. Sikupita kwako. Nilivaa nguo za msiba za katani, zile za mwana, na si zile nyepesi za mtoto wa shemeji, nikashika fimbo. Deok-su aliniona ufukweni. Aliniambia, “Umechelewa, mwanangu,” akavua kofia, akanionyesha njia, akabaki nyuma. Nilimwita pale kaburini mchana kweupe. Nilimwita hadi sauti ikakatika. Wanawake waliokuwa wakichimbua chaza matopeni walinyanyuka kutazama. Mmoja wao, mzee, akawaambia wenzake kwa sauti, “Ni mtoto wa Mama Seung-mo.”

Nimekwisha kumaliza darasa la ioni na vijana. Nilimaliza na maji, ambamo oksijeni na haidrojeni hazitoi wala kupokea. Zinashirikiana elektroni, kila jozi ni ya wote wawili. Yule wa nyuma akasema, “Sasa si wangefanya wote hivyo?” Nilifuta ubao.

Sina lingine la kukuandikia.

Seung-mo


Kisiwa cha Sodan
Novemba 23, 1974, siku ya Theluji Ndogo

Kwa Seung-mo.

Amani iwe nyumbani mwako, na mtoto atembee vizuri. Huku theluji imegusa matuta ya mashamba ya chumvi, na gurudumu tumelifungua na kuliingiza ndani. Mke wa Deok-su huniletea wali. Ananiambia, “Kula, mzee, usitutie aibu ya mazishi mawili mwaka mmoja.”

Nilikuwa ghalani ile Jumapili. Nilisimama nyuma ya ukuta tangu ulipoonekana ufukweni hadi mashua yako ilipoondoka. Nilikuwa nimekuahidi kwamba sitasikia. Nilisikia. Madirisha uliniambia niyafungue mwenyewe.

Sikutoka. Ningetoka, ningelazimika ama kukukataza, ama kukaa kimya mbele ya watu, na kimya changu kingekuwa ruhusa. Na ruhusa niliyomnyima akiwa hai singeweza kumpa mbele yako akiwa udongoni, nikaonekana mtu mwema. Sisemi kwamba ibada ilikosea. Nimeishi ndani yake, na nimezeeka ndani yake, nami sina nyumba nyingine. Nasema kwamba ilinipa mlango, na mimi nikauziba kwa saruji nikidhani naipamba.

Juzi nilijaribu kutengeneza tofu yake. Niliyasaga maharage, nikachemsha, nikachota maji machungu kutoka beseni. Kiasi sikukijua. Yeye alikuwa akimimina kidogo, anangoja, anamimina tena, huku anazungumza na sufuria kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi nilimimina yote kwa mara moja. Iliganda papo hapo, ngumu, chungu isiyomezeka. Niliimaliza.

Nakutumia kwa mashua ya Jumanne gunia la chumvi, ile iliyokuwa juu ya saruji. Bado haijamaliza kutoa. Ilaze juu ya mbao, mahali panapopita upepo, weka chombo chini, na usiitumie kabla ya miaka mitatu. Mimi huenda nisiwepo uionjapo. Jiwe la kaburi lake nimeagiza Mokpo. Nilimwandikia mchonga mawe jina ambalo wanawake wa chaza walilitamka. Mchonga mawe akaleta neno: “Mzee, kitabu cha ukoo kinasema huyu hakuacha mwana. Nichonge kweli?” Nikamjibu achonge. Hivyo mstari wako nimeuandika, Seung-mo, ila umechelewa, na umekuwa wa jiwe, na aliyelitaka jina hilo hawezi tena kuusoma.

Sasa sikiliza agizo langu, ambalo nakupa nikiwa na akili timamu. Nitakapokufa, usije na katani ya mwana. Njoo na nguo nyepesi za mtoto wa kaka, simama mahali pa mtoto wa kaka, na watu wakikuuliza mimi ni nani kwako, waambie ni baba mdogo, kama nilivyokufundisha langoni siku ile uliyokuwa na njaa. Wakikushawishi, kataa. Jina ambalo sikumruhusu yeye aitwe, mimi sitaitwa.

Baba yako mdogo,
Wi Jong-ryeol